Dirisha ni la Nani? Hotuba Kuhusu Madirisha Yanayofunguliwa na Maktaba za DLL

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu na wanafunzi mliohudhuria, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nieleze jinsi programu ya Windows inavyoweza kuonyesha dirisha ambalo msimbo wake haumo ndani ya programu yenyewe, bali umo katika maktaba inayopakiwa wakati programu tayari inafanya kazi, yaani faili la DLL. Kufungua dirisha la namna hiyo ni kazi ya mistari michache, na mafunzo yaliyojaa mtandaoni yanaieleza vizuri tu. Swali ambalo mafunzo hayo hulipita haraka ni hili: dirisha likishafunguka, ni la nani, na nani mwenye haki ya kulifunga? Kasoro karibu zote ninazoletewa nizitazame katika programu za aina hii zimetokana na swali hilo kuachwa bila jibu, kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo leo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili ni la ajabu. Windows yenyewe, tangu toleo lake la kwanza la Novemba 1985, imejengwa juu ya maktaba. Hata leo kitufe unachokiweka kwenye fomu yako kinachorwa na msimbo uliomo katika user32.dll au comctl32.dll, wala si msimbo wako. Dirisha la kuchagua faili, lile ambalo kila mtu amelitumia, linatoka comdlg32.dll, na ukilifungua tu, mafaili mengine ya DLL ambayo hukuyaandika wala hukuyaita, yaani viendelezi vya shell (sehemu ya Windows inayoonyesha mafaili na folda) vilivyowekwa na programu nyingine, huingia ndani ya mchakato wako, yaani programu yako ikiwa inafanya kazi. Ndiyo maana mara nyingine programu nyepesi kabisa ya kuandikia maandishi huanguka pale tu mtumiaji anapobofya amri ya kufungua faili, na mwandishi wake hulaumiwa kwa kosa la mtu asiyemjua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa paneli ya udhibiti. Mafaili yenye kiambishi cha .cpl ni mafaili ya DLL yaliyobadilishwa jina tu, na kila moja hutoa funksheni moja iitwayo CPlApplet. Mwenyeji, nikimaanisha programu inayopakia maktaba, hupakia faili, hutafuta anwani ya funksheni hiyo, kisha hutuma ujumbe wa CPL_INIT kuuliza kama maktaba iko tayari. Baadaye huuliza ina vipengele vingapi, hutuma CPL_DBLCLK mtumiaji anapobofya, na mwisho hutuma CPL_STOP kwa kila kipengele na CPL_EXIT mara moja tu, kabla ya kuiachia maktaba. Angalieni mambo mawili katika mpango huo. Kila wito unakuja na kishikio (thamani inayokitambulisha kitu kwa Windows) cha dirisha la mwenyeji, kwa hiyo maktaba haihitaji kubahatisha dirisha mama ni lipi; na maktaba haiondolewi kabla ya kuagwa. Mpango huu ni wa zamani sana na sura yake haivutii, lakini programu-jalizi nyingi, yaani maktaba za kuongezea programu uwezo, zilizoandikwa miaka ya karibuni hazijafikia nusu ya adabu yake.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Tuseme umeandika maktaba inayotoa funksheni mbili, FunguaDirisha na FungaDirisha. Mwenyeji anaita LoadLibrary, anapata kishikio cha moduli, anakipeleka kwa GetProcAddress pamoja na jina la funksheni, anapata anwani, anaiita. Hatua hizi zikishindwa, namba ya kosa huwa inasema ukweli: 126 maana yake ni kwamba faili lenyewe, au faili jingine ambalo hilo linalitegemea, halikupatikana, 127 ni kwamba jina la funksheni halimo, na mara nyingi katika msimbo wa biti 32 chanzo ni kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kulipamba jina likawa _FunguaDirisha@4, jambo linalotibika kwa faili la .def, linaloorodhesha majina ya kutolewa, na 193 nitairudia baadaye. Sitakaa hapo, kwa sababu makosa yanayojitangaza hayamsumbui fundi kwa muda mrefu.

Kinachosumbua ni kile kishikio cha moduli. Kwa hakika ni anwani tu ya mahali maktaba ilipopakiwa katika kumbukumbu ya mchakato, na DllMain, funksheni ya maktaba ambayo Windows huiita maktaba inapoingia na inapotoka, hukipokea kama kigezo chake cha kwanza ili maktaba ijijue. Mwandishi aliyezoea programu za kawaida hukisahau kigezo hicho, na anapotaka kusajili aina ya dirisha, yaani jina linalofungwa na funksheni itakayoendesha madirisha ya aina hiyo, kwa RegisterClassEx huandika GetModuleHandle(NULL), kama alivyozoea. Wito huo haurudishi kishikio cha maktaba; unarudisha kishikio cha programu mwenyeji, hata ukiuita ukiwa katikati ya msimbo wa DLL. Aina ya dirisha inasajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na kwa siku nyingi hakuna anayegundua, kwa sababu dirisha linafunguka na vitufe vinafanya kazi.

Tuseme mwenyeji ni programu ya duka la jumla, na ina programu-jalizi mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti kutoka kiolezo kimoja: moja ya ripoti ya mauzo, nyingine ya hesabu ya stoo. Zote mbili zinasajili aina iitwayo DirishaKuu, na zote zinatumia kishikio cha mwenyeji. Ya mauzo inapakiwa kwanza na kusajili bila tatizo. Ya stoo inakuja kusajili, inakataliwa kwa kosa namba 1410, yaani aina hiyo ipo tayari, lakini mwandishi wake hakuangalia jibu. Anaendelea kuita CreateWindowEx kwa jina lilelile, na wito unafaulu, kwa kuwa aina yenye jina hilo ipo kweli. Tatizo ni kwamba imefungwa kwenye funksheni ya mwenzake. Karani anabofya stoo, linafunguka dirisha la mauzo likiwa limepewa data ya stoo, na kuanzia hapo lolote laweza kutokea. Kila maktaba ingesajili kwa kishikio chake yenyewe, majina hayo mawili yangeishi pamoja bila kugongana, maana Windows hutofautisha aina za kawaida kwa jina na moduli pamoja. Anayetaka aina yake ionekane na moduli zote za mchakato anaweka alama ya CS_GLOBALCLASS, naye huyo inambidi achague jina refu lisiloweza kufanana na la mtu mwingine.

Suala la moduli lina upande mwingine ambao kwetu sisi tunaoandika programu kwa watumiaji wa Kiswahili una faida kubwa, na nashangaa hatuutumii zaidi. Unapoita CreateDialogParam unatoa vitu viwili ambavyo wengi hudhani ni kimoja: kishikio cha moduli yenye kiolezo cha dirisha, na anwani ya funksheni itakayoliendesha. Vitu hivyo si lazima vitoke mahali pamoja. Kiolezo, chenye maandishi yote ya vitufe na lebo, chaweza kukaa katika DLL isiyo na msimbo hata mstari mmoja, iliyojengwa kwa chaguo la /NOENTRY la linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo kuwa faili moja), na msimbo ukabaki ndani ya programu. Windows hufanya hivyohivyo kwa lugha zake: mafaili ya .mui ni maktaba zenye rasilimali peke yake (maandishi, violezo na picha), na kifurushi cha Kiswahili kilichotolewa kwa Windows 7 kilifuata njia hiyo. Kiswahili cha Kenya kina namba yake ya lugha katika mfumo, 0x0441, na rasilimali zaweza kuwekewa namba hiyo.

Maana yake kwa fundi ni kwamba unaweza kumpelekea mfasiri faili dogo la rasilimali, akatafsiri maandishi, akapanua visanduku pale ambapo sentensi zetu ni ndefu kuliko za Kiingereza, na ukampa mteja DLL mpya bila kugusa programu yenyewe. Katika mpango huo swali letu la umiliki lina jibu jepesi, kwa sababu maktaba isiyo na msimbo haina funksheni ya dirisha inayoweza kuachwa ikining'inia. Hata ukiiondoa mapema mno, hasara ni kwamba dirisha linalofuata halitafunguka, lakini yaliyofunguka hayadhuriki. Anayeanza kujifunza madirisha ya DLL namshauri aanzie hapa.

Nije kwenye uzi, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato. Katika Windows kila dirisha lina uzi wake, nao ni uzi uliokuwa ukitekeleza CreateWindowEx, bila kujali msimbo huo ulikuwa ndani ya faili gani. Ujumbe wa dirisha hilo, yaani taarifa za kipanya, kibodi na mfumo, unaingia katika foleni ya uzi huo, na ni uzi huo peke yake unaoruhusiwa kuliondoa kwa DestroyWindow. Uzi mwingine ukijaribu, unakataliwa. Kwa hiyo maktaba iliyoitwa na uzi mkuu wa mwenyeji, ikafungua dirisha na kurudi, haina mzunguko wake wa ujumbe wala haiuhitaji. Dirisha lake linaishi kwa mzunguko wa mwenyeji, ule wa GetMessage na DispatchMessage unaochukua ujumbe kwenye foleni na kuupeleka kwa dirisha, na maktaba ikijaribu kuweka mzunguko wake ndani ya FunguaDirisha, wito hautarudi mpaka dirisha lifungwe.

Hata hivyo kuishi kwa mzunguko wa mtu mwingine kuna gharama, na mtumiaji huiona kwenye kibodi. Amefungua fomu ya programu-jalizi, fomu isiyozuia madirisha mengine, ameandika jina la mteja katika kisanduku cha kwanza, anabonyeza Tab ili aende kwenye namba ya simu, na kishale kinabaki palepale. Anabonyeza tena, hakuna kitu. Anashika kipanya na kubofya kisanduku cha pili, kazi inaendelea, na anahitimisha kwamba programu hii ndivyo ilivyo. Sababu ni kwamba Tab, vishale na Enter ndani ya fomu havifanyi kazi vyenyewe. Lazima mzunguko wa ujumbe uupitishe kila ujumbe kwa IsDialogMessage kabla ya kuupeleka mbele, na mzunguko wa mwenyeji haujui kwamba kuna fomu ya kigeni. Dawa nzuri ni mwenyeji kutoa tangu mwanzo njia ya maktaba kujiandikisha, ili kwa kila ujumbe aiulize kama ni wake. Pale ambapo mwenyeji ni programu ya kampuni nyingine na huwezi kuibadilisha, maktaba hulazimika kuweka ndoano ya WH_GETMESSAGE, yaani funksheni inayoitwa kwa kila ujumbe unaochukuliwa kwenye foleni, juu ya uzi huo na kufanya kazi hiyo yenyewe. Inafanya kazi, ila ndoano nayo ni anwani iliyomo ndani ya maktaba, na hilo litatudai baadaye.

Wapo wanaoona ni heri maktaba iwe na uzi wake na mzunguko wake, iachane na mwenyeji kabisa. Njia hii ni halali, na kwa dirisha la juu lisilo na mama naiona ni njia safi. Hatari inakuja pale dirisha la uzi mmoja linapofanywa mtoto wa dirisha la uzi mwingine. Windows hapo huunganisha foleni za ingizo za nyuzi hizo mbili, kwa hiyo mmoja ukikwama, wa pili nao huhisi. Kisha kuna mkwamo wa wakati wa kufunga, ambao nimeuona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nautafuta kabla ya kutafuta kitu kingine. Mwenyeji anaiambia maktaba ijifunge, kisha anasubiri uzi wake uishe kwa WaitForSingleObject bila kikomo cha muda. Uzi wa maktaba unaita DestroyWindow. Kuondolewa kwa dirisha mtoto hutuma WM_PARENTNOTIFY kwa dirisha mama, na uliotuma husubiri upokewe. Mama ni wa uzi wa mwenyeji, ambao umelala ukisubiri uzi wa maktaba uishe. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, skrini inapauka, na mtumiaji anaenda kwenye Task Manager. Mwenyeji angesubiri kwa MsgWaitForMultipleObjects, akawa anapokea ujumbe huku akisubiri, mkwamo huo usingekuwapo.

Sasa tumefika kwenye kufunga, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Windows huhesabu mara ambazo maktaba imepakiwa. Kila LoadLibrary huongeza hesabu, kila FreeLibrary huipunguza, na ikifika sifuri maktaba inafutwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mchakato. Mfumo haukagui kama kuna dirisha linalotumia msimbo uliomo. Dirisha ni mali ya uzi, si mali ya maktaba, kwa hiyo linabaki palepale kwenye skrini likiwa na vitufe vyake na kichwa chake cha habari, na mtu akilitazama hawezi kujua kwamba funksheni inayoliendesha imekwisha kuondoka. Kilichobaki ndani ya kumbukumbu za mfumo ni anwani tu. Mtumiaji anapitisha kipanya juu yake, pengine akielekea kwingine kabisa. Windows inatuma WM_NCHITTEST kuuliza kipanya kiko juu ya sehemu gani ya dirisha, prosesa inaruka kwenye ile anwani, haikuti kitu, na kwa kawaida programu inaanguka kwa kosa 0xC0000005, yaani kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Ukifungua ripoti ya anguko kwa WinDbg, chombo cha Microsoft cha kuchunguza maanguko, mahali ambapo ungetegemea kuona jina la moduli utakuta neno Unloaded likifuatiwa na jina la ile DLL. Alama hiyo ikionekana msihangaike kusoma msimbo wa funksheni iliyotajwa, kwa kuwa yenyewe haina kosa. Tafuteni nani aliita FreeLibrary mapema.

Mpangilio unaofaa unaanza kwenye dirisha na kuishia kwenye faili. DestroyWindow iitwe na uzi uliounda dirisha. Uzi mwingine wowote unaotaka dirisha hilo lifungwe utume WM_CLOSE kwa PostMessage na uache uzi husika ufanye kazi yake. Ujumbe wa mwisho kabisa ambao dirisha hupokea ni WM_NCDESTROY, na hapo ndipo pa kuachia kumbukumbu iliyohifadhiwa kwa ajili yake, si katika WM_DESTROY kama wengi wanavyofanya, kwa sababu baada ya WM_DESTROY dirisha lingali linaweza kupokea ujumbe. Vipima muda viondolewe kwa KillTimer, ndoano ziondolewe, na kila dirisha la mwenyeji ambalo maktaba ililibadilishia funksheni lirudishiwe hali yake. Kisha maktaba iite UnregisterClass. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu kwa programu ya kawaida Windows hufuta aina zenyewe mchakato unapoisha. Kwa DLL inayoondolewa mchakato ukiwa hai, mfumo haufuti chochote, na aina inabaki imesajiliwa ikielekeza kwenye msimbo usiokuwapo. Ukipata kosa namba 1412 wakati wa kufuta, basi kuna dirisha la aina hiyo ambalo bado liko wazi mahali fulani, na huo ni msaada mkubwa mno kuupuuza.

Ajabu ni kwamba maktaba iliyosahau hatua hiyo huweza kupakiwa tena na kufanya kazi vizuri. Tangu Windows Vista anwani za maktaba huchaguliwa kwa kubahatisha, lakini mara nyingi DLL ileile hurudi kwenye anwani ileile mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya, kwa hiyo anwani ya zamani iliyobaki katika aina iliyosahauliwa inaendelea kuwa sahihi kwa bahati tu. Siku nafasi hiyo imechukuliwa na kitu kingine, programu inaanguka kwa mteja na haianguki kwako. Kwa hiyo jaribio la maana ni kupakia maktaba, kufungua dirisha, kulifunga na kuiondoa mara nyingi mfululizo, huku ukipakia maktaba nyingine katikati ili kuvuruga nafasi.

Kuna swali linalohusiana ambalo huulizwa sana: je, kitufe kilichomo ndani ya dirisha la maktaba kinaweza kuiondoa maktaba yenyewe? Hakiwezi kwa kuita FreeLibrary moja kwa moja, maana wito huo ukirudi, utarudi kwenye msimbo uliokwisha kufutwa. Kitufe kitume ujumbe kwa mwenyeji, kirudi, na mwenyeji aiondoe maktaba baadaye katika mzunguko wake, wakati hakuna msimbo wa maktaba unaotekelezwa. Ikiwa maktaba ina uzi wake, kuna FreeLibraryAndExitThread, iliyotengenezwa kwa hali hiyo hasa: inaiachia maktaba na kuumaliza uzi bila kurudi tena ndani ya msimbo wake.

Wengine hudhani usafi wote huu waweza kufanywa ndani ya DllMain, kwa kuwa inaitwa maktaba inapoingia na inapotoka. Nawasihi msifanye hivyo. DllMain inatekelezwa mfumo ukiwa umeshika kufuli la kipakiaji, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kupakia au kuondoa maktaba, na Microsoft yenyewe inakataza kuita humo LoadLibrary, kusubiri uzi mwingine, au kutumia funksheni za User na GDI (za madirisha na za kuchora). Ukisubiri humo uzi wako uishe, hautaisha, kwa sababu uzi unaoisha nao unahitaji kufuli hilohilo. DllMain ihifadhi kishikio cha moduli na kurudi. Kazi nyingine zote zipewe funksheni zenye majina yake, ambazo mwenyeji ataziita kwa hiari yake.

Anayetaka kuona umiliki uliopangwa vizuri aende studio. Wazalishaji wa muziki wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotumia FL Studio au programu kama hiyo hufungua kila siku madirisha yenye vitufe vya kuzungusha na mita za sauti, na madirisha hayo hayatoki katika programu waliyoinunua, bali katika mafaili ya DLL yanayofuata utaratibu wa VST uliotolewa na kampuni ya Steinberg mwaka 1996. Katika toleo la pili la utaratibu huo, mwenyeji huiuliza programu-jalizi ukubwa wa dirisha lake kwa effEditGetRect, anatengeneza nafasi ya ukubwa huo, kisha anaita effEditOpen akiipa kishikio cha dirisha mama. Programu-jalizi inafungua dirisha lake ndani ya hilo. Kwa vipindi, mwenyeji huita effEditIdle ili mita zisogee, na wakati wa kufunga huita effEditClose, kisha ndipo anapoharibu dirisha mama. Toleo la tatu la mwaka 2008 lilibadilisha sura ya wito, likaleta attached na removed, lakini mgawanyo ukabaki uleule: nafasi, uzi na wakati ni vya mwenyeji, na kilichomo ndani ya fremu ni cha programu-jalizi. Mtu anaweza kuwa na programu-jalizi kumi kutoka kampuni kumi zisizojuana ndani ya wimbo mmoja, akafunga na kufungua madirisha yake usiku kucha, kwa sababu ya makubaliano hayo machache.

Nigusie Delphi kwa ufupi, kwa kuwa wapo humu wanaotunza programu za zamani. Delphi ya Borland, zana ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1995, hurahisisha sana kuweka fomu ndani ya DLL, na urahisi huo unaficha kwamba maktaba inabeba nakala yake kamili ya mfumo wa fomu, ikiwa na kitu chake cha Application na orodha yake ya aina. Hapo ndipo hutokea lile kosa maarufu linalosema kwamba TFont haiwezi kupewa TFont: majina ni yaleyale, lakini moja ni aina ya mwenyeji na nyingine ni ya maktaba, na kwa programu hizo ni vitu viwili tofauti. Kutumia vifurushi vya .bpl, ambavyo mwenyeji na maktaba hushirikiana nakala moja, huondoa tatizo hilo. Wanaobaki na DLL ya kawaida wasipitishe fonti wala fomu mpakani, wapitishe namba na vishikio tu, na wanaopitisha string (maandishi) waweke ShareMem, yuniti ya Delphi ya kushirikisha kumbukumbu, kuwa ya kwanza katika orodha ya yuniti za pande zote mbili. Kanuni hiyo ya kumbukumbu haihusu Delphi peke yake. Hata katika C++, kumbukumbu iliyochukuliwa na maktaba iachiwe na maktaba.

Baada ya yote hayo, mtaniuliza kama ni lazima kuiondoa maktaba. Kwa maoni yangu, mara nyingi si lazima. Dirisha lifungwe, kumbukumbu yake iachiwe, lakini faili lenyewe libaki limepakiwa mpaka programu ifungwe. GetModuleHandleEx ina alama ya PIN kwa kusudi hilo hasa. Nafasi ndogo ya kumbukumbu inayobaki imeshikwa ni bei nafuu. Kwenye Linux hali ni kama hiyo, ambako maktaba zilizosajili aina za GObject (mfumo wa aina za vitu) kwa njia ya kawaida haziwezi kuondolewa salama kwa dlclose, ambayo ndiyo FreeLibrary ya huko. Panapokuwa na sababu ya kweli ya kuondoa, kwa mfano kubadilisha programu-jalizi bila kuzima seva ya kaunta, basi maktaba itoe funksheni ya kujibu kama haina tena dirisha lililo wazi, kwa mtindo wa DllCanUnloadNow ya COM (utaratibu wa Microsoft wa vipande vya programu vinavyoshirikiana), na mwenyeji asiiguse mpaka jibu liwe ndiyo.

Limebaki kosa namba 193. Mwenyeji wa biti 64 hawezi kupakia DLL ya biti 32 ili aendeshe msimbo wake, na hakuna alama wala hila ya kulizunguka hilo. Wengi mna programu-jalizi za zamani ambazo msimbo wake asilia umepotea, na mwenyeji amehamia biti 64. Njia iliyopo ni kutengeneza mchakato mdogo wa biti 32 unaopakia ile DLL na kufungua dirisha lake humo, ukiwasiliana na mwenyeji kwa ujumbe wa WM_COPYDATA, unaobeba data kati ya michakato. Vishikio vya madirisha vinatambulika kati ya michakato ya biti 32 na 64, kwa hiyo mwenyeji anaweza kulileta dirisha hilo mbele au kuliomba lijifunge. Msilifanye mtoto wa dirisha la mwenyeji, kwa sababu foleni za ingizo zitaunganishwa na ule mkwamo nilioueleza utawafuata hadi kwenye mchakato wa pili. Liacheni liwe dirisha la juu linalojitegemea. Faida ya ziada ni kwamba likianguka, linaanguka na mchakato wake tu, na mauzo ya siku hiyo yaliyomo kwenye programu kuu yanabaki salama.

Ndugu Mwenyekiti, nakomea hapo. Wenye ripoti za maanguko ambazo hazijapata majibu wazilete mezani sasa, tuzifungue pamoja wakati wa maswali.